Bibi alinisimulia gizani, mimi nikayapeleka uwanjani

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni binti wa miaka 26, mkazi wa Ujiji, Kigoma. Nimemaliza chuo cha ualimu na bado nasubiri ajira, kwa hiyo tangu Januari najitolea kwenye kikundi cha sanaa cha vijana hapa mtaani. Tuko 11. Tulipata mradi mdogo wa kukusanya kumbukumbu za wazee, kuzitungia igizo na ngoma, kisha kucheza mbele ya watu ili wadogo wajue walikotoka. Wazee 6 walikubali. Kila Jumamosi baada ya swala ya alasiri tulikaa nao chini ya mwembe, wao wakisimulia, sisi tukirekodi kwa simu. Tulicheka sana. Mzee mmoja aliyekuwa mvuvi alituonyesha namna ya kupampu karabai kabla ya kuingia ziwani kutafuta dagaa. Mkononi alikuwa na chupa ya maji tu, lakini sote tulijiona tuko mtumbwini.

Mmoja wa hao 6 ni bibi yangu mzaa baba. Ana miaka 81 na ndiye aliyenilea. Chini ya mwembe alizungumza mambo ya kawaida: harusi, ngoma za wanawake, bei ya mawese enzi hizo, safari yake ya kwanza ndani ya meli ya Liemba. Lakini usiku mmoja wa Aprili umeme ulikatika. Tulikuwa wawili tu mkekani, simu yangu nimeiwasha tochi. Akaanza kunisimulia habari za bibi yake yeye, kwamba aliletwa akiwa mtoto kutoka ng'ambo ya ziwa, upande wa Manyema, hakuja kwa hiari, wala hakumwona tena mama yake. Akaniimbia wimbo ambao huyo bibi alikuwa akiuimba wakati wa kutwanga. Shangazi, nilisisimka mwili mzima. Nikabonyeza kurekodi. Hakuniambia nisirekodi.

Nilipowasikilizisha wenzangu, wote tulikubaliana kwamba igizo letu ni hilo. Tukamweka msichana aliyefungwa kamba mtumbwini, na wimbo ule ule. Jina tulibadilisha. Julai tukacheza kwenye uwanja wa shule, watu wamejaa. Bibi tulimkalisha mstari wa mbele, amejifunga khanga mpya niliyomnunulia. Wimbo ulipoanza, aliinuka. Hakusema neno. Akaondoka kwa miguu, peke yake, hadi nyumbani.

Kesho yake Baba Mkubwa akaja kutoka Mwandiga. "Umetuvua nguo," ndilo neno alilolirudia. Binti yake ana posa inayoendelea, na upande wa mume wameanza kuulizauliza, maana majirani waliutambua wimbo. Hakuna nyumba nyingine Ujiji inayouimba. Bibi mwenyewe hanigombezi. Nikimwamkia anaitikia "marahaba", basi. Hii ni wiki ya tano. Na wale wazee wengine, wawili wameacha kuja Jumamosi, hawajasema kwa nini.

Mfadhili amefurahi mno. Anataka turudie Oktoba mosi, Siku ya Wazee, tupigwe video nzuri iwekwe kwenye intaneti. Kipande kimoja tayari kinazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wenzangu wanasema tusiliondoe igizo, kwamba kuuficha utumwa ni kuwasitiri waliouza watu. "Aibu ni ya nani, ya aliyefungwa au ya aliyefunga?" Na mimi nakubaliana nao, ndiyo maana nimechanganyikiwa. Je, nimekosea kusema ukweli? Nilifute igizo? Na nifanyeje ili Bibi aongee nami tena?

Mjukuu, Ujiji

---

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu na kila mara nimekwama pale pale, kwenye ile simu iliyowashwa tochi. Bibi aliiona, ndiyo. Aliona taa. Unaniandikia "hakuniambia nisirekodi" kana kwamba alijua kuna la kukataza. Hukumwomba, nawe wajua hukumwomba, la sivyo usingeiandika sentensi hiyo. Kosa lako liko hapo. Suala la kusema ukweli wenzako wamelileta tu; Bibi hakugombana na ukweli, yeye ndiye aliyeusema.

Nyumba zetu zina chumba, zina baraza, na nje kuna uwanja. Mtu mzima anajua neno gani linakaa wapi. Chini ya mwembe palikuwa barazani, na pale Bibi alichagua mwenyewe: akawapa harusi, mawese na Liemba. Alikuwa na Jumamosi nyingi za kumleta bibi yake pale, na hakumleta. Alimleta usiku, kwa mtu mmoja, aliyemlea mwenyewe. Alishakujibu kabla hujamuuliza.

Robert Butler, daktari wa magonjwa ya akili wa Marekani, aliandika mwaka 1963 kwamba mzee anapoyarudia maisha yake tusimwone amepotewa na akili au anajipotezea muda. Ni kazi ya umri ule: anapita tena alikopita, anapima, anapanga, na kazi hiyo yaweza kumtuliza au kumuumiza. Usiku ule Bibi alikuwa kazini. Wewe ukaona malighafi.

Sasa swali la wenzako. Aibu ni ya aliyefunga, hilo halina ubishi kwangu. Lakini jibu hilo mkilipata ninyi darasani halimteremkii Bibi kifuani siku hiyo hiyo. Waingereza waliupiga marufuku utumwa Tanganyika kwa sheria mwaka 1922. Piga hesabu. Bibi ana miaka 81. Mama yake huenda alizaliwa wakati mtu kummiliki mtu bado ni halali. Kwako hilo ni swali la mtihani wa historia. Kwake huyo mtoto wa mtumbwini ni mikono iliyomsuka nywele. Na neno lenyewe halijafa, tusidanganyane. Hapa Tabora nimelisikia likirushwa katika ugomvi wa shamba na katika vikao vya posa, na waliolirusha wamevaa suti.

Halafu Wamanyema wa Ujiji hawakuingia kwa mlango mmoja. Kuna waliokuja kufanya biashara, kuna wapagazi, kuna wavuvi, kuna walioolewa, na kuna walioletwa. Mkiweka kamba moja jukwaani pamoja na wimbo wa nyumba inayojulikana, mji mzima unaanza kutazamana: nani mwingine ni mjukuu wa kamba? Hamkulikusudia, nakubali. Ila moto mmeuwasha ninyi.

Utumwa mnaweza kuucheza, tena nawahimiza. Njia ya misafara kutoka Ujiji, ikapita hapa kwetu Tabora, ikaishia Bagamoyo, ni historia ya hadhara. Tanzania iliipeleka UNESCO kwenye orodha ya awali ya mapendekezo ya urithi wa dunia mwaka 2006. Wageni wanasafiri mbali kuja kwenu kuona mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Ulizeni jukwaani nani aliyewabebea mizigo. Chuma na Susi, watumishi wa Livingstone, angalau majina yao yalibaki, wengine je? Chezeni njaa ya njiani, chezeni pembe begani na bei ya shanga. Msafara ni wa mji. Tumbo lililomzaa Bibi ni lake, na wimbo ule ni wa tumbo hilo. Mlimbadilisha jina mkamwachia sauti, mkadhani mmemficha.

Mimi mwenyewe si msafi. Mwaka 1977 nilikuwa mwanachuo wa ualimu, na enzi zile bila ngonjera hakuna sherehe. Baba alikuwa amenisimulia jinsi alivyong'oa nguzo za nyumba yake kwa mikono yake kuhamia kijiji cha ujamaa, akaacha nyuma ya ua kaburi la mwanawe wa kwanza. Nikaliingiza kaburi lile kwenye beti. Ukumbi ulipiga makofi. Baba alikuwemo, naye akapiga, taratibu. Aliishi miaka mingine 14, na katika miaka yote hiyo alinizungumzia mvua, mbegu na bei ya tumbaku. Sikumwomba radhi kwa sababu nilijiambia hajakasirika. Angekasirika si angesema? Kwa hiyo hilo "marahaba, basi" lako nalifahamu vizuri sana.

Anza na radhi, kabla ya mfadhili na kabla ya kikundi. Usiende moja kwa moja. Bibi hakosi somo wake, au mwenzake wa ngoma wa tangu usichana. Mtafute huyo, mweleze ulichofanya bila kujitetea, akutangulie. Beba doti ya khanga, lakini yasome maandishi yake kabla hujailipia, huu si wakati wa mafumbo. Simu iache nyumbani. Isiwe hata mkobani. Ukifika, kosa liite kwa jina: "Bibi, nilikurekodi bila kukuomba, kisha nikayapeleka mbele ya watu." Usiongeze "lakini". Ukisema "lakini tulitaka watoto wajue" utakuwa umerudi jukwaani. Sema, kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikufukuza, ondoka, urudi Ijumaa.

Baba Mkubwa naye mwombe radhi, ila kwa ufupi. Ana haki ya kukasirika. Kuwa msemaji wa mama yake ni jambo jingine. Na posa inayoweza kuvunjwa na wimbo wa kutwangia, heri ivunjike kabla ya mahari.

Kile kipande cha video futeni kwenu leo, kisha waombeni wenye makundi wakifute, kwa maneno machache. Maelezo marefu ndiyo yatawafanya watu wakitafute. Maji yaliyomwagika hayazoleki, ila sakafu hupigwa deki. Mfadhili mwambieni igizo hilo halirudiwi, na sababu moja inatosha: mwenye simulizi hajaridhia. Akisukuma, mkumbusheni kwamba nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na sauti ya mtu akieleza ukoo wake haiwi mali ya kikundi kwa kuwa simu ni ya kikundi. Kwa Bibi sheria usiitaje kabisa.

Wale wazee wawili walioacha kuja wanajiuliza jambo moja: yao yako wapi? Wafuateni. Kila mzee, nyumbani kwake, msikilizisheni alichosema tangu mwanzo hadi mwisho. Inachosha, najua, itawachukua wiki. Yeye ndiye aseme hiki kibaki chumbani, hiki ni cha barazani, hiki kipelekeni uwanjani. Cha kufuta kifuteni mbele ya macho yake, aone kidole kikibonyeza. Na ridhaa ya leo si ya milele; mtu anaweza kukubali Jumamosi akajuta Jumatatu, na Jumatatu ndiyo mtakayoifuata. Igizo likishapikwa, walioonja kwanza wawe wao: wazee peke yao, hakuna kamera, hakuna mgeni rasmi, na yeyote anyooshe mkono aseme hapo simamisheni. Bibi angenyoosha mkono, mngekata wimbo, mngekunywa chai, na mimi nisingeipata barua hii.

Hili wala si jipya. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi kama hii na wanakijiji wa Malya, mkoani Mwanza: wanakijiji wenyewe wakachambua mambo yao, wakayaigiza, kisha wakakaa kuyajadili. Kule London nako, Pam Schweitzer alianzisha kikundi cha Age Exchange mwaka 1983. Maigizo yao yalijengwa kwa maneno ya wazee wenyewe, yakarudishwa kuchezwa mbele ya wazee. Ninyi mlitoka kurekodi mkaruka hadi uwanjani. Katikati hapakuwa na mtu.

Jambo jingine linanikera kidogo katika barua yako, uniwie radhi. Wazee wanasimulia, vijana mnarekodi, wazee wanasimulia, vijana mnacheza. Mmewageuza kisima, kila Jumamosi mnakuja na ndoo. Yule mzee wa karabai kwa nini asipande jukwaani mwenyewe na ile chupa yake ya maji? Kijana gani wa kikundi ataigiza mkono ule kumshinda? Na ninyi mmewaambia nini wao? Kusubiri ajira miaka, kwa mfano. Mzee aliyepakia mizigo bandarini akiwa na miaka 16 angependa kusikia mtu anasubirije.

Oktoba mosi chezeni Liemba. Walioichunguza kumbukumbu wanasema wazee hukumbuka kwa wingi mambo ya kati ya umri wa miaka 10 na 30, na kwa watu wa umri wa Bibi hiyo ni miaka ya 1950 hadi ya 1970: Uhuru, redio ya kwanza mtaani, gari moshi la Tabora, na meli hiyo. Kila mzee wa Ujiji ana Liemba yake, aliyepanda, aliyepakia, aliyeachwa gatini na mchumba ndani. Msiulize "tueleze historia ya meli". Ulizeni ilinukaje. Ulizeni nani alitapika. Wekeni mbele yao ungo wa dagaa na chupa ya mawese, mvute mkeka, mnyamaze.

Ya vitabuni mtayaunganisha wenyewe. Ililetwa kwa vipande ndani ya masanduku kutoka Papenburg, Ujerumani, ikaungwa hapo Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915 ikiwa na jina jingine. Julai 1916 Wajerumani wakaizamisha wenyewe isije ikaangukia mikononi mwa adui. Kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo yake grisi nzito. Iliinuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi ikiitwa Liemba. Hiyo grisi huwa naifikiria ninaposikia mzee amenyamaza, na ninyamaze mimi pia hapo kabla sijaanza ngonjera.

Umesahau kuniuliza habari za wimbo. Vijana 11 wanaujua sasa, na masikio hayafutwi kama simu. Waombe wasiuimbe, hata kwa mzaha, hata wakiosha vyombo. Ukishaomba radhi na muda ukapita, Bibi ndiye atakayesema nani aurithi. Huenda akasema wewe. Huenda akasema hakuna, uende naye, na hapo utaitikia "ndiyo, Bibi."

Ukimkuta anachambua dagaa, yaache kwanza maneno uliyoyakariri njiani. Vuta ungo, kaa upande wa pili, chambueni. Somo wake atajua wakati wa kuinuka na kuwaacha wawili.

Shangazi